Utani Hauanzi kwa Agizo la Meneja

Mjomba,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mzaliwa wa Nachingwea, na kwa sasa ni meneja wa chama cha msingi cha ushirika wilayani Ruangwa. Ofisini tuko wachache: mhasibu, makarani, wapimaji wawili, mtunza ghala na walinzi. Msimu wa korosho ukifunguliwa tunaongeza vibarua na makuli, ghala linajaa watu.

Msimu uliopita ulituharibu roho. Wakulima walitutukana kwa sababu ya unyaufu, yale makato ya uzito korosho ikikauka, magunia yalichelewa kuja, na kila malipo yakisogezwa mbele sisi ndio tuliokuwa wa kwanza kulaumiwa. Watu wakawa wanaingia kazini wamenuna. Kosa likitokea, kila mtu anamwangalia mwenzake.

Kabla ya msimu huu nikahudhuria semina ya uongozi. Tukafundishwa kwamba mfanyakazi mwenye furaha huzalisha zaidi, na kwamba kiongozi ndiye anayeleta mtazamo chanya. Nikarudi nimepania. Nilibandika karatasi ukutani: "Hapa Hakuna Kulalamika." Kila asubuhi tunasimama duara, kila mtu anataja jambo moja jema. Ijumaa saa tisa alasiri tuna Kipindi cha Vicheko, na kila mmoja ana zamu yake ya kuchekesha. Kundi la WhatsApp nalo nimelifungua, la kutiana moyo.

Mwanzoni walicheka. Baadaye lile jambo jema likawa moja kwa wote: "Nashukuru nimeamka mzima." Halafu Ijumaa moja mpimaji wetu mmoja akasema karani wetu wa stakabadhi, dada ambaye umri umesogea na hajaolewa, apandishwe kwenye mizani, maana amekaa ghalani misimu mingi bila mnunuzi, tujue tumkate unyaufu kilo ngapi. Ghala zima likaangua kicheko. Na mimi nilicheka. Yule dada akatabasamu, akaendelea kuandika. Jumatatu hakuja. Aliporudi akaomba meza yake isogezwe pembeni, na tangu hapo haongei na mtu ila ya kazi.

Juzi nikamuuliza kiongozi wa makuli kwa nini vijana wake wamepooza. Akanijibu mbele ya watu: "Mama Meneja, tucheke meno yaonekane, na hela ya wiki mbili hatujaiona?"

Kinachoniuma zaidi, nikienda nyumbani Nachingwea kuna ghala moja la chama kama chetu ambako watu wanacheka tangu asubuhi, wala hawajawahi kuisikia hiyo semina. Wana nini ambacho sisi hatuna? Niendelee na programu yangu au nirudie ukali?

Meneja Asiyechekesha, Ruangwa

*

Mpwa wangu,

Umeniuliza kuhusu programu, lakini kuna mtu kwenye barua yako aliyeomba meza yake isogezwe pembeni. Tuanze na huyo. Programu itasubiri.

Kabla hujabandua karatasi yoyote ukutani, kaa na yule dada mkiwa wawili tu. Usimtumie ujumbe wa simu, wala usimwite ofisini ghala zima likiona anaitwa. Mwambie wazi kwamba alidhalilishwa, kwamba wewe ulikuwepo, na kwamba ulicheka. Usiseme "kama uliumia", maana ameshakuonyesha kwa siku nzima ya kutokuja kazini. Usimuulize mbona hakusema palepale. Angesema nini, na bosi wake anacheka? Muulize anataka nini kifanyike, halafu nyamaza umsikilize hadi amalize.

Ukitoka hapo, mwite mpimaji, naye peke yake. Asikuletee ile ya "ilikuwa mzaha tu", kwa sababu wahenga walishasema mzaha mzaha hutumbua usaha. Mweleze pia kwamba jambo hili lina sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini na kutaja misingi yake mmoja mmoja: jinsia imo, umri umo, na hali ya ndoa imo. Kifungu hicho hicho kinasema kumnyanyasa mfanyakazi kwa misingi hiyo ni ubaguzi. Kwa sentensi moja ya Ijumaa, kijana wako amegusa yote mitatu. Akitaka kuomba radhi, aombe pale dada atakapokuwa tayari kumsikiliza. Ukiwakusanya uwalazimishe kupeana mikono mbele ya watu, utakuwa umempandisha dada wa watu jukwaani mara ya pili.

Na wewe, mpwa wangu, jukwaa uliliweka mwenyewe. Mtu ambaye Mungu hakumjalia kuchekesha, ukimpangia zamu ya kuchekesha, ataokota lililo karibu. Lililo karibu siku zote ni mtu ambaye hawezi kujibu. Hakuna atakayekuchekea wewe, kwa kuwa wewe ndiye unayeandika ripoti za kazi. Hakuna atakayemchekea kiongozi wa makuli, maana mabega yake yanaonekana. Anabaki dada mpole wa kwenye meza ya stakabadhi.

Sasa tuje kwenye kicheko chenyewe, maana sisi watu wa kusini hatukuhitaji kuagiza kicheko kutoka mjini. Tuna utani. Mwaka 1940 mtaalamu wa Kiingereza, A. R. Radcliffe-Brown, aliandika makala maarufu kueleza jambo ambalo bibi yako alilijua bila kusoma: kuna watu wawili ambao kwa desturi mmoja ana ruhusa ya kumtania mwenzake, na mwenzake anatakiwa asikasirike. Baada yake wengine wakaandika kuhusu utani wa huku Tanganyika hasa. Wapo watani wa ukoo, kama mabinamu, na babu na wajukuu zake. Wapo watani wa makabila, na sehemu ya utani huo ilizaliwa baada ya vita vya karne ya 19, pale waliochinjana walipoamua kwamba kuanzia sasa watatukanana kwa mdomo tu.

Lakini desturi ile haikuishia kwenye ruhusa ya kusema ovyo. Mtani ana kazi. Ukifiwa, mtani wako ndiye anayekuja kushika jembe la kaburi, anayehangaika na shughuli ambazo wenye msiba hawana nguvu nazo, na katikati ya kilio anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea hadi wafiwa wenyewe wanajikuta wanacheka. Anakutania kwa sababu atakuzika. Na wewe una haki ya kumrudishia neno kwa neno, siku hiyo hiyo, bila woga. Mambo hayo mawili, mzigo na haki ya kujibu, ndiyo yanayotofautisha utani na dharau.

Mpime mpimaji wako kwa vipimo hivyo. Siku foleni ya wakulima ilipofika barabarani, aliwahi kumsaidia yule dada kuandika stakabadhi? Dada akiuguliwa na mama yake, yeye atakuwa wa ngapi kufika? Na je, dada angeweza kumjibu kuhusu maisha yake ya ndoa mbele ya ghala zima, na ghala likacheka vilevile? Kama majibu ni hapana, hapana na hapana, basi hana utani naye. Ana mdomo tu.

Hapo ndipo penye siri ya ghala la Nachingwea unalolionea wivu. Sijui ni lipi hasa, lakini maghala ya namna hiyo nayafahamu, nimeyakalia sana misimu ya korosho. Lori likirudi nyuma hadi mlangoni, makuli hujipanga. Wawili wanainua gunia, wa tatu anaingiza bega, anatoka nalo mbio fupi kuelekea kwenye rundo. Mmoja anaimbisha. Maneno ya wimbo hayakuandikwa popote, anayatunga palepale: karani leo kavaa shati la sikukuu, anamngoja nani? Kundi linaitikia, gunia linatua. Karani haachi kuandika uzito, ila anapandisha sauti: "Huyo anayeimba mbona habebi?" Wanapasuka kwa kicheko, na mwimbishaji anaona haya, anakwenda kuingiza bega lake. Rundo linapanda hadi karibu na paa, wala hakuna aliyetangaza kwamba sasa ni wakati wa furaha.

Ukikaa zaidi utaona kilicho chini ya kicheko hicho. Karani yule yule, ikifika saa ya makuli kupewa chao, hawaachi wakasimama juani. Anasoma hesabu kwa sauti: magunia mangapi, kwa kiasi gani, jumla ngapi, na kiongozi wao ana daftari lake analinganisha. Makuli nao, karani alipofiwa, walikuwa msibani kabla ya bodi. Wamekwisha kulipana wajibu, ndiyo maana wanaweza kuchezeana. Wewe ulianza na kicheko, ukaacha wajibu uje baadaye.

Kwa hiyo kiongozi wa makuli hakukutukana, amekusaidia. Dawa ya deni kulipa. Kama hela ya wiki mbili iko kwenye akaunti na inangoja sahihi ya mtu, itafute sahihi hiyo leo, na mwenye sahihi akisafiri mfuate alipo. Kama hela haijaingia chamani, waambie haijaingia, inatoka wapi, na ni lini utawapa jibu lingine, hata kama jibu hilo litakuwa "bado". Ipeleke hoja kwenye bodi kwa maandishi: kabla msimu haujafunguliwa, fungu la vibarua lijulikane na liwe tayari.

Usiwashangae kwa kukosa subira. Hawa ni watu wa mwaka 2018. Unakumbuka wakulima walivyoigomea bei ya minada, na Novemba mwaka ule Serikali ikatangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakaja kusomba mzigo. Bei ilikuwa nzuri masikioni. Kisha ukaja uhakiki wa kuwatafuta wanunuzi wa kangomba, yaani wale wanaonunua korosho nje ya utaratibu, na wapo waliongoja fedha zao hadi mwaka uliofuata. Mtu aliyepitia hapo akisikia maneno matamu anauliza tarehe. Huo si mtazamo hasi, ni akili ya mtu aliyewahi kungoja.

Angalia na saa zao. Sheria ile ile ya 2004 inasema mfanyakazi akifanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Kawaida ya kazi ni saa 45 kwa wiki, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Najua mizani ikishafunguliwa na mkulima ametoka na gunia lake kijijini kwa bodaboda, ni vigumu kumwambia subiri. Ndiyo maana una wapimaji wawili. Wapishane. Mpimaji ambaye hajala tangu alfajiri atagombana na mkulima juu ya kilo moja, na kilo moja hiyo itakuharibia siku nzima.

Nakuja kwenye karatasi yako ya ukutani: "Hapa Hakuna Kulalamika." Wewe umezaliwa Nachingwea, mji uliokuzwa na mtazamo chanya kuliko mji mwingine wowote ninaoujua. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza, ikiwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita, ilituma ujumbe uzunguke Afrika Mashariki kwa wiki chache, na mwaka uliofuata mradi mkubwa wa karanga ukaanza: Kongwa, Urambo, na Nachingwea kwetu. Mpango ulikuwa kulima zaidi ya ekari milioni 3. Uingereza watu waligombea nafasi za kuja huku, wengi wao wanajeshi waliotoka vitani wakiwa na hamasa tele. Vifaru vya vita vikageuzwa matrekta. Bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikatandikwa hadi Nachingwea ili karanga zipite.

Moyo haukukosekana kabisa. Kilichokosekana ni kumsikiliza aliyeuliza mvua ya hapa ni kiasi gani na udongo huu ukikauka unakuwaje. Takwimu za mvua zilikuwa chache, udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama saruji, na maonyo yaliyotolewa hayakupewa uzito kwa kuwa kazi ilikuwa inakwenda kwa ari. Januari 1951 mradi ukafutwa, hasara ikiwa karibu pauni milioni 36. Reli nayo haikudumu, mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa.

Ghalani kwako anayelalamika ndiye anayekupa takwimu za mvua. Mtunza ghala akisema paa linavuja upande wa kaskazini, analalamika. Karani akisema mkulima hajaelewa makato yaliyo kwenye karatasi yake ya malipo, analalamika. Mpimaji akisema mizani imeanza kucheza, analalamika, na ukimnyamazisha kwa karatasi ya ukutani, utakuja kuambiwa na mkulima mwenye hasira na nyuma yake ana wenzake mia. Ibandue. Usibandike nyingine mahali pake.

Duara la asubuhi usiliue, ligeuze. Acha kuwauliza watu jambo jema, kwa sababu umewafundisha kukudanganya kwa adabu. Dakika kumi zinatosha, na wewe ndiye uanze: mnada wa mwisho ulifungwa kwa bei gani, malori mangapi yanatarajiwa, magunia yaliyobaki ni mangapi, malipo yamefikia wapi. Lililo baya litangulie. Kisha uliza nini kinatukwamisha leo, uandike, na kesho yake useme ulichokifanya. Juu ya unyaufu, kaa na makarani na wapimaji wote mkubaliane maneno ya kumweleza mkulima, mafupi na ya aina moja, kwamba korosho ikikaa hukauka na uzito hupungua, na utaratibu wa chama ni huu. Matusi mengi mliyotukanwa msimu uliopita yalitokana na mkulima kuambiwa hivi kwenye mizani na vile kwenye dirisha la stakabadhi. Siku wakulima watakapopunguza matusi, utashangaa nyuso za watu wako zitakavyokunjuka bila wewe kuwahimiza.

Kipindi cha Vicheko kifute. Usitangaze kwa hotuba, acha Ijumaa ipite saa tisa watu wakiwa kazini au wanakwenda nyumbani. Kundi la WhatsApp liache kwa taarifa za kazi: lori limeharibika Nanganga, mnada umesogezwa, zamu ya nani kesho. Anayetaka kutuma kichekesho atume, asiyetaka asiulizwe.

Hapo utaniambia, Mjomba umebomoa kila kitu, furaha yenyewe iko wapi? Iko kwenye vitu ambavyo watu wako tayari wanavipenda, na kazi yako ni kuvipa nafasi na shilingi kidogo.

Anza na chai. Sufuria kubwa ya chai ya saa nne, mihogo au maandazi, na bosi anakunywa palepale penye magunia, hapelekewi ofisini. Weka bao na drafti chini ya mwembe au popote penye kivuli. Utamwona mlinzi, ambaye mwaka mzima anakuamkia kwa kupiga saluti, akimfunga mhasibu mara tatu mfululizo na kumsimanga hadi jioni. Hiyo haki ya kujibu niliyokueleza inajengwa hivyo, kwenye mchezo ambao cheo hakina kete ya ziada.

Mpira nao mnao mlangoni. Ruangwa ni nyumbani kwa Namungo, timu iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, na msimu huo huo wa kwanza ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa na Simba mabao 2 kwa 1. Mwaka uliofuata ikacheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Siku Namungo wanacheza Uwanja wa Majaliwa na kazi inaruhusu, panga zamu ili wanaotaka kwenda waende. Na Simba wakikutana na Yanga, wewe usifanye lolote. Watani wa jadi hao hawahitaji meneja. Kazi yako ni kuhakikisha tu kwamba aliyefungwa Jumamosi hatozwi chai ya ghala zima hadi Alhamisi.

Kisha angalia Mei Mosi. Nchi hii ina mapokeo marefu ya michezo ya wafanyakazi. Watumishi wa wizara wana SHIMIWI, wa halmashauri wana SHIMISEMITA, mashirika na kampuni wana SHIMUTA, na huko utamkuta ofisa mzito anavuta kamba. Vyama vya msingi vya Nachingwea na Ruangwa vinaweza kufanya bonanza lao dogo mwezi Mei, kabla ufuta haujaanza kuingia ghalani. Kamba, netiboli, kufukuza kuku. Kwenye kamba changanyeni timu, kila upande uwe na makuli na makarani. Mkiwaweka makuli upande mmoja, makarani wataburutwa hadi Masasi. Mchezo kama huo haumlazimishi mtu kusema chochote, na anayeshangilia pembeni akiwa na mwanawe mgongoni ni mshiriki kamili.

Usimlazimishe anayetaka kukaa kimya. Wapo wafanyakazi wazuri kabisa ambao wanapenda kazi yao, wanaandika hesabu safi, na hawataki kucheka na mtu. Pengine mtu ana mgonjwa nyumbani, au ndivyo alivyoumbwa. Uso wake ni wake. Ulichoajiri ni mikono na uaminifu.

Umeniuliza kama urudie ukali. Uwe mkali kwa mambo mawili tu. La kwanza, hela ya mtu isilale bila maelezo. La pili, hakuna atakayechekwa kwa mwili wake, kwa ndoa yake, kwa ugonjwa wake wala kwa kabila lake na mtu ambaye yeye hawezi kumjibu. Likitokea, usisubiri Jumatatu. Lisimamishe pale pale kwa sauti ya kawaida, "Hilo hapana," kisha kazi iendelee. Wakikuona umefanya hivyo mara moja hata kwa mtu unayempenda, wataelewa mpaka uko wapi, na ndani ya mpaka huo watakuwa huru. Mengine yote waachie wenyewe.

Haya hayatachukua wiki moja. Dada wa stakabadhi huenda asirudishe meza yake msimu huu, na usimhimize. Makuli watakulipa imani kidogo kidogo, kama wewe utakavyokuwa unawalipa chao. Ila kuna dalili moja nitakuachia, uitumie badala ya fomu za semina. Siku mwimbishaji wa makuli atakapotunga ubeti kuhusu meneja, kuhusu unavyotembea, au unavyoshika simu sikioni wakati mtandao hakuna, na ghala likaitikia ukiwa umesimama pale pale, usikasirike wala usijifanye hukusikia. Mrudishie, tena umpatie hasa. Watu hawamtanii bosi wanayemwogopa, na bosi wanayemdharau humcheka akishatoka.

Mjomba wako.